Nani Amwigize Mmaghribi?

Mwaka 2015 kampuni ya Royal Shakespeare iliuweka jukwaani mchezo wa Othello mjini Stratford-upon-Avon, chini ya uongozi wa Iqbal Khan. Othello aliigizwa na Hugh Quarshie, mzaliwa wa Accra. Hilo halikuwa geni. Geni lilikuwa kwamba Iago, yule mnafiki anayemnywesha Othello sumu ya wivu hata akamuua mkewe, aliigizwa na Lucian Msamati, mtoto wa wazazi wa Kitanzania, aliyezaliwa London na kukulia Zimbabwe. Kampuni hiyo haikuwahi kuwa na Iago mweusi kabla yake.

Wako waliohoji, na swali lao si la kipuuzi. Ikiwa Iago naye ni mweusi, chuki yake kwa Othello itasimama juu ya nini? Kwa kadiri wanavyouelewa mchezo, hii ni habari ya mweusi mmoja katikati ya weupe wanaomhitaji vitani na kumkataa sebuleni. Ukimpa adui yake rangi ile ile, utakuwa umekivunja kigae kinachoshika maji.

Nimeutazama mchezo huo katika rekodi yake zaidi ya mara moja, nami naona kinyume. Tuyarejee maandishi. Iago ana sababu nyingi za kuchukia, na hakuna hata moja inayotosha. Amenyimwa cheo; anamshuku Othello kwa mkewe; kisha anasahau sababu hizo na kuendelea kuchukia kama mtu aliyezoea. Sasa weka Msamati mahali hapo. Aliyemnyima cheo ni mweusi mwenzake, na aliyepewa ni Cassio, kijana wa Kizungu aliyejifunza vita vitabuni. Hapo uchungu unapata mzizi ambao Iago mweupe hawezi kuuleta jukwaani. Ni uchungu wa mtu aliyedhani kuwa mwenzake akipanda ngazi atamvuta mkono. Mwenzake akapanda, mkono akawanyooshea wengine. Na lile fumbo la siku zote, kwamba vipi jemadari mwerevu anamwamini mnafiki kuliko mkewe wa ndoa, linafumbuka lenyewe. Katika jeshi zima la Venice huyu ndiye mtu pekee ambaye Othello anadhani hahitaji kujieleza mbele yake. Kikulacho ki nguoni mwako: sisi watu wa mwambao tumelitamka neno hilo tangu utotoni, na hatukuwa tukiwakusudia wageni.

Quarshie mwenyewe alikuwa na neno zito juu ya mchezo huu. Mwaka 1998, katika mhadhara uliochapishwa baadaye, alihoji kama mwigizaji mweusi anafaa kabisa kuichukua nafasi ya Othello. Hoja yake ni kwamba Shakespeare alimchora mweusi kama watu wa zama zake walivyomdhania: mkarimu, mpiganaji, lakini chini ya joho la ustaarabu kuna moto unaongoja kupulizwa. Mzungu aliyejipaka rangi akiigiza hivyo, watazamaji wanajua ni rangi tu. Mweusi akiigiza hivyo, anautilia muhuri uongo ule kwa mwili wake. Alikaa na mawazo hayo miaka 17 ndipo akakubali, na alipokubali Iago wake alikuwa Msamati. Siamini kwamba mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati. Iago mweusi anamwondolea Othello mzigo wa kuwawakilisha weusi wote. Wakiwa wawili jukwaani, mmoja ana hasira na mwingine ana hila, hakuna awezaye kusema kwamba hivi ndivyo weusi walivyo.

Jambo hili lina historia ndefu, nami nitaipita haraka isipokuwa panapostahili kituo. Othello wa kwanza, Richard Burbage, alikuwa Mwingereza, na mchezo ulionyeshwa mbele ya mfalme mwaka 1604. Zaidi ya miaka 200 ikapita hadi Ira Aldridge, Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1807, alipopanda jukwaa la London mwaka 1825. Mwaka 1833 alipewa Othello katika ukumbi mkubwa wa Covent Garden. Baadhi ya magazeti yalimtukana bila haya, na baada ya maonyesho mawili tu akaondoshwa. Alikwenda zake Ulaya ya bara na Urusi, akatukuzwa, na huko akawaigiza Lear, Macbeth na Shylock akiwa amejipaka weupe usoni. Alifariki Łódź, Poland, mwaka 1867.

Hapa ndipo pa kusimama. Mwaka 1964 Laurence Olivier alimwigiza Othello katika National Theatre ya London, amejipaka weusi mwili mzima na kujifunza sauti nzito na mwendo aliouona kuwa wa mtu mweusi. Mwaka uliofuata ikafanywa filamu. Wapo watetezi wake wanaosema: kama Aldridge aliruhusiwa kujipaka weupe, kwa nini Olivier alaumiwe kwa kujipaka weusi? Haki si msumeno, hukata mbele na nyuma? Mizani hiyo inaonekana sawa kwa sababu imewekwa vyombo tu, vilivyomo havikupimwa. Olivier alikuwa na Hamlet, Henry V, Richard III na kila nafasi aliyoitamani. Akaongeza na hii moja. Aldridge alifukuzwa hata katika hii moja, na ile rangi nyeupe ilikuwa ufunguo wa mlango aliofungiwa. Rangi ya Olivier ilikuwa kufuli juu ya mlango wa mwingine. Na kufuli ilidumu: mwaka 1980 ukumbi huo huo ulimpa nafasi hiyo Paul Scofield, naye mweupe, na haukuwa na Othello mweusi hadi David Harewood mwaka 1997.

Kisa cha televisheni ya BBC kinachekesha na kuliza. Walipopanga kuirekodi tamthilia hii walimtaka James Earl Jones, mweusi wa Marekani ambaye sauti yake peke yake ingelijaza jumba. Chama cha waigizaji wa Uingereza kikapinga kuletwa mgeni kuchukua kazi ya wenyeji. Hoja ya kazi ni hoja ya haki, siidharau. Lakini matokeo yake, mwaka 1981, yalikuwa Anthony Hopkins mwenye uso uliotiwa rangi. Weusi wa Uingereza wenyewe, ambao nao walikuwa wenyeji na wanaishi kwa kazi hiyo hiyo, hawakufikiriwa.

Kuna mahali ambapo rangi ndiyo iliyokuwa mchezo wenyewe. Johannesburg, mwaka 1987, Janet Suzman alimweka John Kani katika nafasi ya Othello kwenye ukumbi wa Market, akimkumbatia Desdemona mweupe mbele ya watazamaji wa nchi ambayo sheria ya kukataza mapenzi ya namna hiyo ilikuwa imefutwa miaka miwili tu nyuma. Kumpa Mzungu aliyepakwa masizi nafasi ile, mahali pale na mwaka ule, kungekuwa kuuficha mchezo badala ya kuuonyesha. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kanuni moja ya kugawa nafasi itakayofaa kila mji na kila mwaka.

Upande mwingine yuko August Wilson, mwandishi mkubwa wa tamthilia wa Marekani, aliyefariki mwaka 2005. Katika hotuba yake ya mwaka 1996 alipinga ule ugawaji wa nafasi usioangalia rangi, na hasa wazo la kuwapa weusi peke yao mchezo wa Arthur Miller, Death of a Salesman. Kwa maneno yangu: msitupe viti katika nyumba yenu mkadhani mmetulipa, tupeni ardhi tujenge yetu. Juu ya ardhi na fedha Wilson alisema kweli, na anayeishi visiwani, ambako kumbi ni chache na mfadhili ndiye huchagua mchezo, anaielewa kweli hiyo bila kufafanuliwa. Juu ya nafasi zenyewe sikumfuata wakati ule na simfuati sasa. Wendell Pierce alimwigiza Willy Loman wa Miller London mwaka 2019 na New York mwaka 2022, na baba mweusi aliyeiamini ahadi ya nchi yake hadi ikamuua hakuupunguzia mchezo chochote.

Nasi? Tangu Mwalimu Nyerere alipotufasiria Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, Brutus na Portia wamesemeshwa Kiswahili na vijana wetu wa shule, wala hakuna aliyepakwa chokaa. Mwaka 2012, katika tamasha la Globe mjini London lililokusanya michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37, Kiswahili kiliwakilishwa na kikundi kutoka Kenya kilicholeta The Merry Wives of Windsor, na Falstaff wao alikuwa malenga wetu Mrisho Mpoto. Hakuhitaji rangi. Alihitaji tumbo, ulimi na ujanja, na hivyo viwili vya mwisho malenga yeyote wa Kiswahili huzaliwa navyo.

Lakini tusijisifu mapema. Tazama vichekesho vya televisheni vya Afrika Mashariki. Mhindi wa dukani huigizwa mara nyingi na asiye Mhindi, na Kiswahili chake kimevunjwa makusudi, kana kwamba Wahindi wa Mji Mkongwe, ambao babu zao wamezikwa hapa, hawajui ngeli. Mmasai ni mlinzi mwenye rungu, Mpemba ni bahili mwenye lafudhi. Hiyo ni rangi ya Olivier iliyopakwa kwenye ulimi. Nimemsikia mwongozaji mmoja wa michezo akijitetea kwamba watazamaji hucheka. Walicheka Covent Garden pia.

Swali hili linanigusa kwa sababu niko mezani na tafsiri ya Othello, na neno la kwanza linaloniuma ni lile alilopewa shujaa katika anuani, Moor. Ukisema Mwarabu, kisiwani petu utakuwa umefungua kaburi la mambo mengine. Ukisema mtu mweusi, watazamaji wote ni weusi, basi umesema mtu. Nimechagua Mmaghribi. Shakespeare alikuwa na sababu ya kuwafahamu: mwaka 1600, miaka michache kabla ya mchezo, balozi wa Sultani wa Moroko alifika London, Abd el-Ouahed ben Messaoud, ambaye huku tungemwita Abdulwahid bin Masoud, na picha yake ya kuchorwa ipo hadi leo. Neno hilo linamfanya Othello mtu wa mbali na wa dini ya jirani, na rangi yake linaiacha kwa mwongozaji.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Kiswahili cha mwambao kinaposema mweupe hakimaanishi Mzungu. Tuna mweupe wetu, tuna maji ya kunde, tuna mweusi ti, na tunayajua madaraja hayo kabla ya kujua kusoma. Mchezo ukifika Unguja au Lamu, naogopa kwamba Desdemona atatafutwa msichana mweupe kuliko wote na Othello kijana mweusi kuliko wote, na hakuna atakayeuliza kwa nini. Kwa hiyo katika orodha ya wahusika sikuandika sura wala rangi ya mtu. Matusi ya Iago nimeyafasiri yote kwa ukali wake, kwa maneno tunayotupiana sisi kwa sisi, na maelezo pekee niliyompa mwongozaji ni kwamba yatamkwe na mwigizaji wa rangi yoyote atakayemwona anafaa, ila asiwe mweupe kuliko Othello.