Kuipima Udon ya Sanuki Ukiwa Kagawa

Msafiri anayeitafuta Japani halisi kwenye bakuli huanza na vitu vya kupotosha: taa za karatasi mlangoni, mbao zilizozeeka, mhudumu aliyevaa kimono. Kagawa, mkoa mdogo kuliko yote nchini humo, ulioko kisiwani Shikoku, haukupi anasa hiyo. Baadhi ya sehemu za udon, tambi nene za unga wa ngano, zinazosifiwa na wenyeji ni mabanda tu pembezoni mwa mashamba ya mpunga, mengine hayana hata kibao cha jina. Hufunguliwa asubuhi na kufungwa tambi zikiisha, mara nyingi saa nane mchana haijafika. Chelewa, ukute sufuria zinaoshwa.

Hata asili ya unga si kipimo. Sanuki ni jina la kale la mkoa huo, na wengi hudhani udon yake lazima itokane na ngano ya hapo hapo. Kwa miongo mingi sasa sehemu kubwa ya unga huo imetokana na ngano ya Australia, ambayo hutoa tambi laini na inayovutika. Mkoa ulikuja kuzalisha mbegu yake, Sanuki no Yume. Ina harufu nzuri, ila inamtaka mkandaji hodari zaidi. Mpishi anayejigamba kwa mbegu ya nyumbani huku tambi zake zimelala kwenye trei tangu saa nzima iliyopita, mwache na majigambo yake.

Maana udon ni jambo la dakika. Tambi ikitoka kwenye sufuria na kusuguliwa ndani ya maji baridi ili utelezi wa wanga uondoke, nje yake imeshiba maji, kiini bado. Hapo ndipo ilipo koshi, sifa ambayo Wajapani huitafuta kuliko zote: ukiuma, nje inakubali upesi, ndani inakaidi kidogo kabla ya kukatika. Lakini maji hayatulii, yanazidi kupenya kuelekea ndani, na baada ya nusu saa hivi tambi ni sawasawa kote, haina ukaidi wowote. Kwa hiyo foleni ndefu ni heri, kwa sababu panapo walaji wengi tambi hazipati nafasi ya kulala. Ukiwa humo, achana na picha za vyakula ukutani, tazama sufuria.

Koshi si ugumu, na hapa ndipo migahawa mingi ya mbali na Kagawa inapodanganya: inachemsha muda mfupi, kisha inauita ubichi huo ukakamavu. Kata tambi kwa meno, utazame palipokatika. Ukiona kitone cheupe cha unga katikati, haijaiva. Iliyoiva hupitisha mwanga kidogo hadi kiini.

Sasa inua tambi moja kwa vijiti. Iliyokatwa kwa kisu ina pembe nne, na pembe hizo zinapaswa kuonekana hata baada ya kuchemshwa. Unene usiwe sawa kabisa. Tambi iliyojipinda kidogo, hapa nene, pale nyembamba, imepita mikononi mwa mtu. Yenye pembe zilizomumunyika ama ilikandwa vibaya, ama imekaa.

Kukanda kwenyewe hufanywa kwa miguu, unga ukiwa umefunikwa. Chumvi hubadilika kwa majira. Kanuni ya zamani ni kikombe kimoja cha chumvi kwa vikombe vitatu vya maji siku za joto kali, sita wakati wa baridi kuu, vitano siku nyingine, kwa kuwa joto hulegeza donge na chumvi hulikaza. Sehemu kubwa ya chumvi hiyo hubaki kwenye maji ya kuchemshia.

Supu ya Kagawa hutokana na iriko, samaki wadogo waliochemshwa kwa maji ya chumvi kisha wakakaushwa. Wanaosifika hutoka kisiwa cha Ibuki. Aliyewahi kununua dagaa wa Zanzibar, ambao nao huchemshwa kabla ya kuanikwa, ana macho tayari: rangi ya fedha ni njema, tumbo lililopasuka ni dosari, umanjano ni mafuta yaliyochacha. Supu iwe angavu, harufu ya samaki ije bila uchungu. Ikiwa nyeusi kwa sosi ya soya, kuna kitu kinafichwa.

Bakuli la kwanza, agiza kijoyu, yaani tambi zilizooshwa kwa maji baridi na kutiwa sosi ya soya kidogo tu. Humo hamna pa kujificha. Ukiridhika, ndipo ujaribu kamaage, inayoletwa ndani ya maji yake ya moto, ama kake yenye supu. Tempura za kaunta, yaani vitafunwa vya kukaangwa, ni kijalizo, usizihukumu sana. Asiyetumia kilevi aulize kuhusu mirin, mvinyo mtamu wa mchele ambao huingia kwenye sosi nyingi za kuchovea.

Za kupeleka nyumbani, soma pakiti. Kwa kanuni za tangu 1976, anayetaka kuandika kuwa hizi ni udon halisi za Sanuki lazima azitengeneze ndani ya Kagawa, maji yasipungue asilimia 40 ya uzito wa unga, chumvi asilimia 3, na donge lipumzishwe angalau saa mbili. Chagua zilizokaushwa nusu. Zichemshe kwenye sufuria kubwa kuliko unavyodhani inatosha, na walaji wawe wameshakaa mezani.