Jinsi Mama wa Maloba Anavyosimama

Barabara ya juu inayotoka Mlolongo inaishia mlangoni petu. Ni kilomita 27, baadhi zikiwa zimebebwa na nguzo za zege, na tangu ilipofunguliwa mwaka 2022 inashuka ardhini pale barabara ya James Gichuru inapokutana na Waiyaki Way. Ukikata kushoto umeshaingia Muthangari. Huku nako zege halipumziki. Nyumba za zamani zenye bustani zinabomolewa moja baada ya nyingine, na mahali pake panaota maghorofa, kila moja na winchi yake, na geti la mabati, na foleni ya vijana wa mjengo alfajiri. Kanisa la St Austin, ambalo misheni yake ilianza hapa mwaka 1899, sasa limebaki miongoni mwa vitu vichache mtaani vinavyoonyesha jiwe.

Wiki jana nilisimama kwenye geti mojawapo kumtazama fundi wa nondo. Alikuwa na ubao mnene uliopigiliwa misumari mikubwa, na kipande cha bomba cha kukunjia. Anachomeka nondo nyembamba ya milimita 8 katikati ya misumari, anavuta bomba, kona ya kwanza. Anageuza, anavuta, kona ya pili. Mpaka ringi ya mraba imekamilika na ncha zake mbili zimekunjwa kuingia ndani. Sekunde ishirini hivi. Kisha anazivisha ringi kwenye nondo nne nene zilizolazwa, na kuzifunga kwa waya moja moja. Nikaona kitu: katikati ya nguzo ringi zilikuwa zimeachana shubiri nzima, lakini kuelekea kichwani zilikuwa zimebanana, vidole vinne hivi.

"Fundi, hapo juu mbona umezisongesha?"

"Hapo ndipo boriti inakuja kukaa, mzee. Nguzo huumia kwenye kiungo, haiumii tumboni."

Jibu lile ndilo lililonirudisha kwa Gregory Maloba, na kwa sanamu ambayo wengi wa kizazi changu tunaijua kwa fumbo lake na hatuijui kwa mfupa wake.

Maloba alizaliwa mwaka 1922 upande wa Mumias. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Margaret Trowell kule Makerere, katika shule ya sanaa iliyoanza miaka ya 1930 kama masomo ya barazani nyumbani kwa mwalimu mwenyewe. Baada ya masomo zaidi Uingereza alirudi Makerere kufundisha uchongaji, na Uganda ilipokaribia uhuru wake wa tarehe 9 Oktoba 1962, kazi ya mnara wa uhuru mjini Kampala ikawa yake, Mkenya. Katikati ya miaka ya 1960 akahamia Nairobi kuongoza idara ya usanifu wa vitu katika chuo kikuu chetu. Alifariki mwaka 2007.

Mnara wenyewe umesimama katikati ya Kampala, karibu na hoteli ya Sheraton, kiasi cha mita sita kwenda juu. Asiyewahi kufika huko huenda ameushika mkononi, kwa maana umechapwa kwenye noti za Uganda zilizotoka mwaka 2010. Ni mama aliyezungushiwa mikanda mwilini, amenyoosha mikono yote miwili juu, amemwinua mtoto, na mtoto naye ameinua mikono yake. Wafafanuzi husema mikanda ni ukoloni unaofunguka na mtoto ni taifa jipya. Sina ugomvi na tafsiri hiyo. Ila imerudiwa mno, hata tumesahau kuuliza swali ambalo mwanafunzi yeyote wa uchongaji anapaswa kuliuliza kwanza: mtu wa zege wa mita sita, mwenye mzigo kichwani, anasimamaje miaka sitini na zaidi bila kuanguka?

Tuanze na zege lenyewe. Linabeba vizuri sana kitu kinacholikandamiza, na ni dhaifu mno kwa kitu kinacholivuta. Tofauti yake ni kama mara kumi. Ndiyo sababu ya nondo: chuma huwekwa pale zege litakapovutwa. Na zege ni zito, kilo 2,400 hivi kwa kila mita moja ya ujazo. Chukua mtoto wa nusu mita ya ujazo tu. Tayari ni tani moja na ushee, na tani hiyo iko juu kabisa, mahali ambapo mtikisiko wowote wa chini unakuwa mkubwa zaidi.

Kwa shaba nyeusi hesabu hii inakuwa nyingine. Shaba humiminwa ikawa ganda tupu ndani, na hukubali vitu vyembamba. Tazama sanamu ya Dedan Kimathi, iliyofunuliwa tarehe 18 Februari 2007 kwenye barabara yenye jina lake: bunduki mkono wa kulia, jambia mkono wa kushoto, na vyote vinakaa bila tabu. Lakini shaba inataka tanuri la nyuzi zaidi ya 1,000, mafundi wa kumimina, na fedha. Hata sanamu ya Mzee Kenyatta aliyeketi pale KICC, ya mwaka 1973, ni kazi ya mchongaji Mwingereza, James Butler. Saruji, kwa upande mwingine, Afrika Mashariki ilikuwa nayo. Viwanda vya Tororo na Bamburi vilikuwa vimeshaanza kazi katika miaka ya 1950, na kila mji ulikuwa na fundi anayejua kuikoroga. Mnara wa uhuru uliojengwa kwa kitu kinachochimbwa na kuchomwa hapa hapa, na kushikwa kwa mwiko ule ule unaojenga nyumba ya mwalimu na zahanati: hilo kwangu lina uzito kuliko fumbo lolote la mikanda.

Sasa tazama miguu. Zege linachukia kifundo cha mguu. Ukichonga mtu aliyesimama kwa miguu miwili iliyoachana, uzito wote wa mwili unashuka kwenye sehemu mbili nyembamba kuliko zote, na hapo hapo nondo hazipati nafasi ya kufunikwa vizuri. Maloba aliukwepa mtego huo kwa kumvika mama mikanda. Mwili wa chini umekuwa pande moja, mnene, unaoshuka mpaka kwenye msingi kama shina la mti. Ni nguzo. Ukimweka kando ya nguzo yoyote ya barabara yetu ya juu, utaona wazo ni moja: shina lililoshikamana chini, na kazi ngumu yote imesogezwa kwenye kichwa.

Halafu mikono. Hapa nina la kusema kutokana na maumivu yangu mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi nilijenga mtu wa zege wa kimo cha mita moja aliyenyoosha mkono kando, kama askari wa barabarani. Nilipitisha nondo moja, na kwa kuwa ilikuwa rahisi kupaka kutokea chini, niliiacha ilale upande wa chini wa mkono. Wiki moja baadaye ufa ukatokea juu ya bega. Mwisho wa mwezi mkono ulikuwa sakafuni. Mwalimu wetu hakunigombeza. Aliniuliza tu, mkono ukining'inia hivi, upande gani unavutika? Upande wa juu. Chuma changu kilikuwa kimekaa mahali ambapo zege lilijiweza lenyewe, na pale lilipokiomba hakikuwepo.

Mikono ya mama wa Maloba imenyooshwa juu. Uzito wa mtoto unashuka kupitia mikononi kwenda mabegani, ukiikandamiza mikono kuliko kuipinda, na kukandamizwa ndiko zege linakokupenda. Tena mikono ni miwili na mtoto ameishikanisha kwa juu, kwa hiyo pametokea fremu iliyofungwa, kama miimo miwili ya mlango na kizingiti chake. Mwimo mmoja peke yake unayumba. Miwili yenye kizingiti inashikana. Mahali pa hatari panabaki pawili: mkono unapoingia begani, na kiganja kinapompokea mtoto. Ndipo nguzo inapoumia, kama alivyosema fundi wa Muthangari, na ndipo mjenzi wa umbo kama hili hana budi kubananisha ringi zake.

Kuna njia mbili za kufika hapo. Ya kwanza ni kufinyanga umbo kwa udongo, kulitengenezea fomu ya plasta, kisha kumimina zege ndani juu ya nondo. Ya pili ni kufunga kiunzi cha nondo na wavu wa waya, na kukipaka chokaa ya saruji tabaka kwa tabaka, kwa mwiko na kwa mkono, sehemu moja ya saruji kwa tatu za mchanga. Kwa njia zote mbili mfupa ni ule ule, na shida moja ni ile ile: umbo la mita sita halimalizwi siku moja. Kazi ya jana inakutana na ya leo, na pale zinapokutana panabaki mstari. Kwenye ghorofa mstari huo huzibwa kwa plasta na rangi. Kwenye ngozi ya sanamu unakaa kama kovu.

Ndiyo maana nairudia mikanda. Ukingo wa kila mkanda ni mahali halali pa kusimamisha kazi. Unaishia pale jioni, kesho unaanza mkanda mwingine, na kiungo kimejificha kwenye kivuli ambacho umbo lenyewe lilikihitaji. Mchongaji aliyewaza kwa vitambaa vinavyoteremka wima, kama wa sanamu za Wagiriki, angekuwa na uso mrefu usiokatika na asiwe na pa kuficha chochote.

Na kivuli nacho kina hesabu yake. Kampala iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Saa sita mchana jua liko karibu na utosi. Mfereji wa wima kwenye umbo hupata mwanga ule ule kushoto na kulia, na umbo linaonekana bapa kama ubao. Ukingo wa mlalo, hata uwe wa upana wa vidole viwili, hudondosha kivuli cheusi chini yake. Mikanda inayozunguka mwili inaupa mwili huo mistari ya kivuli saa ile ile ambayo sanamu nyingi zilizobuniwa kwa ajili ya jua la pembeni la Ulaya hupotea kabisa. Naamini hili si bahati. Mtu aliyekulia Mumias na kufundisha Makerere alijua jua lake linakaa wapi.

Adui aliyebaki ni maji. Chuma kikipata unyevu kinashika kutu, kutu inavimba mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwepo, na zege linapasuka kutoka ndani. Kinga ni unene wa zege juu ya nondo, milimita 25 hadi 40. Ukipita kwenye mjengo angalia vijiwe vidogo vya saruji vilivyofungwa kwenye nondo kwa waya: kazi yake ni kuizuia nondo isiguse ubao wa fomu. Kwenye nguzo iliyonyooka ni rahisi. Kwenye kidole cha mtoto, sikio, au ncha ya mkanda, milimita 25 kila upande ni anasa isiyopatikana. Kwa hiyo mchongaji wa zege analazimika kunenepesha. Viungo vizito vya sanamu nyingi za shule ile ya Makerere, ambavyo wahakiki walivisoma kama mtindo, kwa kiasi fulani ni hesabu ya unyevu.

Linganisha na mchongaji mwenzake, Francis Nnaggenda, aliyefundisha Nairobi kabla ya kwenda kufundisha Makerere. Sanamu yake ya majeruhi wa vita, iliyoko maktaba kuu ya Makerere, ilitoka kwenye shina kubwa la mti. Kazi yake ni kupunguza: mti umeshasimama, umeshajibeba, na nyuzi zake zinajua kuvutwa. Mchongaji anatoa tu kisichotakiwa. Maloba alianza bila kitu kinachosimama. Alilazimika kuujenga mti kwanza.

Na alipokuja Nairobi, idara aliyoiongoza ilikaa nyumba moja na wasanifu majengo, si na washairi. Wapo wanaolisikitikia hilo, kwamba sanaa iliwekwa chini ya ujenzi. Mimi naona alifika mahali pake. Nasikitika zaidi kwamba leo ukifika kwenye maonyesho ya walimu wa sanaa, au kwenye majumba ya sanaa, karatasi ya ukutani itakueleza utambulisho, kumbukumbu na mwili, na mstari mmoja tu mwishoni utataja "mchanganyiko wa vifaa". Vifaa gani? Kwa uwiano upi? Vilishikanishwa na nini? Mwanafunzi aliyesimama mbele ya kazi hiyo anataka kujua mkono haukuangukaje, na hakuna anayemwambia.

Jana jioni nilipita tena kwenye geti lile. Ile nguzo ilikuwa imemiminwa na fomu imebanduliwa. Kijana mmoja alikuwa ameizungushia magunia ya katani kutoka chini hadi juu, ameyafunga kwa kamba, na anayamwagilia kwa mpira wa maji ili zege lisikauke upesi. Atafanya hivyo siku saba, asubuhi na jioni. Magunia yalikuwa yamelowa yakashikamana na nguzo, mkunjo juu ya mkunjo, na maji yalikuwa yanashuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.