Kikwanguo Kabla ya Kidole

Waliokuwapo katika ukumbi wa maonyesho juma lililopita, na waliotazama baadaye picha zilizorekodiwa, hawana haja ya kuhadithiwa tena jinsi mgongo ule ulivyofunuliwa. Haja yao, nadhani, ni kuelezwa kwa nini kazi iliyoanza kwa uzuri kiasi kile iliharibika katika dakika moja, tena si kwa mkono kuteleza bali kwa shauri lililokatwa kwa makusudi, shauri ambalo nilimnong'oneza jirani yangu papo hapo kuwa ni kosa, na mpaka leo sijaona sababu ya kulilegeza neno hilo.

Trapezio na latisimo, ambayo ni misuli ya mkono iliyopanga nyumba mgongoni, iliondolewa kwa adabu, na utando wa kiuno ukainuliwa mzima bila kutoboka. Msaidizi akaihesabu serato ya nyuma miongoni mwa misuli halisi ya mgongo, nami nikamkumbuka mtahini mmoja, simtaji, aliyeninyima alama zamani kwa kuikataa nasaba hiyo hiyo. Msuli hutambulikana kwa neva yake: ya mgongo kwa hakika hulishwa na matawi ya nyuma ya neva za uti, ilhali serato hulishwa na matawi ya mbele, yale yapitayo baina ya mbavu. Mtahini yule alikwisha staafu. Kosa lake, naona, lingali kazini.

Basi tuje kiunoni. Nguzo tatu za erekta spine zilikuwa wazi, iliokostali upande wa nje, lonjisimo katikati, na spinali imeambatana na miiba ya pingili. Na chini yake, ukiutazama kwa makini upande wa ndani wa lonjisimo, ulionekana ufa mwembamba wenye mafuta kidogo, kiasi cha sentimita 4 kutoka mstari wa kati penye pingili ya nne ya kiuno, ufa ambao kidole cha shahada, bila kisu wala nguvu, huingia na kuteremka polepole mpaka kwenye viungo vya pingili, na multifido ikabaki upande wa ndani, nzima, na neva yake mahali pake. Hadhirina wote tulikingoja kidole hicho. Mwonyeshaji akaomba kikwanguo.

Alikata kandokando ya miiba, kulia kisha kushoto, akaegemeza chuma juu ya mfupa na kukwangua kuelekea nje, mpaka multifido, rotatore na kila kilichozishika vikang'oka katika mabamba ya pingili kama magamba ya samaki, akavikusanya kwa koleo na kuviweka katika sinia, akitamka kwa utulivu kwamba sasa njia ya kuelekea uti ni nyeupe. Nyeupe, naam. Lakini somo lilikuwa misuli ya kindani, na msuli mnene kupita wote katika tabaka lile la kiuno ndio uliokuwa katika sinia! Kila fungu la multifido lililoshikamana na mwiba wa pingili moja, hata likishuka kupita pingili mbili au nne, hulishwa na tawi la ndani la neva ya pingili ile ile lililotokea. Na tawi hilo, jembamba kama uzi wa kushonea kofia, huzunguka shina la kiungo na kupita chini ya kano fupi iliyolibana mfupani, hata likivutwa halina pa kukimbilia ila kukatika. Kwa hiyo mfumo mzima, ambao ndio uzuri wa mahali pale, ulipotea kabla ya mtu yeyote kuuona.

Nimesikia udhuru kwamba wapasuaji wa wagonjwa hupitia njia hiyo ya kati. Hupitia, aghalabu; lakini ni kwa sababu ya madhara yake kwa misuli ndipo wengi wao wakaifuata njia ya kupasua baina ya multifido na lonjisimo, ambayo Leon Wiltse na wenzake waliieleza mwaka 1968, na njia hiyo ni ufa ule ule uliokuwa ukitungoja. Udhuru wa pili ni wa saa: mgongo umepewa alasiri moja, mkono juma zima. Hilo nimelilalamikia katika safu hii hata mhariri amechoka, wala sitaacha.

Vesalius, alipokuwa akifundisha Padua, aliteremka kitini akashika kisu mwenyewe, na katika kitabu chake cha mwaka 1543 yule mtu wa michoro huvuliwa misuli tabaka baada ya tabaka, kila tabaka likipewa zamu yake ya kutazamwa. Albinus wa Leiden, mwaka 1747, alikuwa na subira kupita hiyo. Hawakuwa na taa za umeme wala kamera juu ya meza.

Pembetatu ya chini ya kisogo, pamoja na ateri ipitayo ndani yake, ilichimbwa vizuri sana.

Mwishoni binti mmoja wa mwaka wa pili akainua mkono, akauliza, "Samahani, mwalimu, neva ya multifido tungeiona wapi?" Mwonyeshaji akatazama kiuno, akatazama saa ya ukutani, kisha kwa ncha ya koleo akaelekeza kwenye sinia.