Heko kwa Mafundi wa Nakamichi

Philips walipozindua kaseti mwaka 1963, ilikusudiwa zaidi kurekodi mazungumzo kuliko muziki. Utepe wake haufiki hata milimita 4 kwa upana, na hutembea polepole, chini ya sentimita 5 kwa sekunde. Wengi waliridhika. Nakamichi wa Japani hawakuridhika. Mwaka 1973 walitoa deki iliyoitwa Nakamichi 1000, yenye hedi tatu zilizotengana: ya kufuta, ya kurekodi na ya kusikilizia. Ukirekodi, papo hapo unasikia kilichoingia kwenye utepe.

Lakini mashine inayowakosesha usingizi wakusanyaji ni Dragon yao ya mwaka 1982, na wana haki. Hedi ya deki moja hailali sawasawa na ya nyingine, na mwinamo mdogo tu, usioonekana kwa macho, hufifisha matoazi na filimbi. Hedi ya Dragon huusoma mkondo wa kulia kwa nusu mbili na kuzilinganisha. Zikipishana, mota ndogo huigeuza hedi taratibu mpaka zioane. Kaseti iliyorekodiwa kwenye deki nyingine, iliyosikika kama imefunikwa blanketi, inafunguka; hata pumzi ya mwimbaji unaisikia.

Leo raba zake hukakamaa, grisi hukauka, na vipuri ni vya kusaka. Kwa hiyo pongezi ziwafikie pia mafundi wachache wanaozifungua deki hizi, kuzisafisha na kuzipima upya, kazi ya subira ambayo hakuna kiwanda kinachowafanyia.