Kusaga, Kukusanya na Kutegemea: Uhakiki wa Istilahi za Programu Huria za Sauti

Istilahi hupimwa kazini. Neno laweza kupendeza kikaoni na kuingizwa katika orodha, lakini fundi akilifuata likampeleka kusiko, basi neno hilo halijafaa. Katika makala haya tunakusudia kupima maneno machache yanayotumika kueleza kazi moja mahususi, nayo ni kuandaa programu huria za sauti na kuzisambaza katika mifumo mbalimbali ya Linux.

Kazi hii si ya mbali nasi. Katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke, na katika mitaa ya Ubungo iliyokuwa zamani sehemu ya Kinondoni, muziki hutengenezwa kwa kompyuta katika vyumba vidogo. Singeli, uliokulia Manzese, Tandale na Mbagala, ni tunda la vyumba hivyo. Mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilitolewa katika albamu ya Sounds of Sisso na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Zana huria za kazi kama hiyo zipo: Audacity, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, na Ardour, iliyobuniwa kwa ajili ya Linux. Leseni zake zinamruhusu kila mtu kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzigawa. Lakini ruhusa ya kuchunguza haimfai kitu kijana ambaye maelezo ya lugha yake yanampotosha.

Juhudi za kuipatia kompyuta msamiati wa Kiswahili si haba. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa IT+46 wa Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa hatua ya heshima. Hata hivyo, msamiati uliohitajika hapo ulikuwa wa karani: kuandika, kuhariri, kuhifadhi, kuchapisha. Msamiati wa fundi anayeiunda programu yenyewe ulibaki nyuma. Nasi watu wa istilahi tumemaliza wino mwingi tukibishana kama mashine iitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Jina la mashine tumeligombania. Vitenzi vya kazi yake tumeviacha vijiokotee maana.

Tuanze na tendo ambalo wanafunzi hulitaja kwa kulitohoa, yaani kukompaili. Mtunzi wa programu huandika msimbo chanzo kwa lugha ambayo binadamu aliyefunzwa anaweza kuisoma. Audacity na Ardour, kwa mfano, zimeandikwa kwa C++. Msimbo huo hugeuzwa na programu maalumu kuwa amri za mashine. Mtafsiri anayelitafuta neno hili la Kiingereza katika kamusi ya jumla huongozwa kwenye kukusanya au kutunga, kwa kuwa ndivyo linavyotumika kwa taarifa na kwa kamusi. Matokeo yake ni agizo kama “kusanya programu kabla ya kuisakinisha.” Msomaji mwenye akili timamu ataliitikia kwa kutafuta mafaili na kuyaweka mahali pamoja, kisha atashangaa kuona hakuna kilichofanya kazi. Neno limefuata asili ya Kiingereza, likaiacha dhana.

Kosa hili lina madhara ya pili. Linux yenyewe ni kiini tu cha mfumo endeshi. Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, Fedora ya mwaka 2003 na Ubuntu ya mwaka 2004 hukichukua kiini hicho, hukiongezea maktaba za msimbo na programu nyingine, na kuvitoa vyote kwa pamoja. Kitu hicho kimezoeleka kuitwa usambazaji. Lakini katika sarufi yetu usambazaji ni tendo. Huwezi kusema “nina usambazaji mmoja nyumbani” ukaeleweka. Kitu kilichoundwa kwa kuleta vingi pamoja kinastahili kuitwa mkusanyo. Hivyo, kitenzi kilichopachikwa pasipo pake ndicho kinachohitajika hapa.

Neno la tatu ndilo linalotusikitisha zaidi. Programu ya sauti haisimami peke yake. Huhitaji maktaba za kusoma mafaili ya sauti, za kuzungumza na kadi ya sauti na za kuchora dirisha. Maktaba hizo zimepata kuitwa vitegemezi. Kila mtumishi wa serikali aliyewahi kujaza fomu ya wategemezi wake anajua kwamba mtegemezi ni mtoto, si mzazi anayemlisha. Kwa kanuni hiyo, kitegemezi ni programu inayohitaji, na maktaba inayohitajiwa ni tegemeo. Agizo la “sakinisha vitegemezi kwanza” limeugeuza uhusiano juu chini. Hapa hatuhitaji kubuni lolote, kwa kuwa unyambuaji wa Kiswahili umekwisha kutupa maneno yote mawili.

Ubaya wa kuyachanganya maneno haya matatu huonekana pale programu moja inapopelekwa katika mikusanyo mingi. Programu iliyoandaliwa juu ya toleo jipya la maktaba ya msingi ya lugha ya C huweza kukataa kufunguka katika mkusanyo wenye toleo la zamani. Debian na Ubuntu hutumia vifurushi vya aina ya deb, Fedora hutumia rpm. Kwa hiyo msambazaji ana njia tatu: kuiandaa programu upya kwa kila mkusanyo, kuifunga pamoja na mategemeo yake kama wafanyavyo Flatpak na AppImage, au kutoa msimbo chanzo ili kila mtu ajiandalie. Mwalimu atayaelezaje hayo darasani ikiwa kukusanya, usambazaji na vitegemezi vimekwisha kupoteza mipaka?

Kwa tendo la kwanza, basi, tunapendekeza kitenzi kusaga. Msimbo chanzo ni mahindi. Msimbo wa mashine ni unga. Mahindi yale yale yakipita katika mashine moja huwa sembe, katika nyingine dona, kama vile msimbo ule ule usagwavyo kwa Debian au kwa Fedora. Unga unapikika, lakini haupandiki. Naye aliyepewa unga mtupu hawezi kuibadili mbegu. Maana hii ina uzito wa kisheria. Leseni ya GPL inamtaka anayegawa unga ahakikishe kwamba mpokeaji anaweza kuyapata mahindi. Aidha, inatusaidia kutenga huria na bure. Waundaji wa Ardour huacha msimbo chanzo wazi kwa wote, lakini huomba malipo kwa programu iliyokwisha kusagwa. Anayelipa amelipia kazi ya mashine. Mahindi yamebaki ya umma. Afisa ununuzi anayetafsiri huria kuwa bure atashindwa kuuelewa mkataba wa namna hiyo.

Pingamizi tunazitarajia. Watasema kusaga ni neno la jikoni. Lakini kupakua lilikuwa la chungu na la shehena kabla halijawa la mtandao, na hakuna anayelionea haya leo. Watasema lina maana nyingine za mitaani; ni vitenzi vingapi vyetu visivyo nazo? Watasema, na hapa wana hoja, kwamba mahindi yakisagwa hayabaki ghalani ilhali msimbo chanzo hubaki. Hakuna sitiari inayoifunika dhana yote. Jambo kubwa ni kwamba kitenzi hiki kinanyambulika: usagaji, kisagio, msimbo uliosagwa, programu isiyosagika katika Fedora. Kufasiri kungefaa pia, lakini tunalihitaji kwa programu zinazosoma msimbo mstari kwa mstari bila kuusaga kwanza. Kutohoa kuwa kukompaili kuwe kimbilio la mwisho, kwa mujibu wa utaratibu wetu wa kutazama kwanza Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu na nyingine za Kiafrika, ndipo twende ng'ambo.

Kwa muhtasari, tunapendekeza: kusaga kwa kugeuza msimbo chanzo kuwa msimbo wa mashine, kisagio kwa programu inayofanya kazi hiyo, mkusanyo kwa mfumo kamili kama Debian, usambazaji kwa tendo la kugawa peke yake, tegemeo kwa kinachohitajiwa na kitegemezi kwa kinachohitaji. Neno kifurushi tuliache, mradi liandikwe kifurushi cha programu, kwa kuwa mtaani kifurushi kitupu ni cha muda wa maongezi.

Istilahi ikichelewa hukuta kiti chake kimekwisha kukaliwa. Tunawaomba walimu wayajaribu maneno haya darasani, na mafundi wayajaribu mbele ya mashine zao, kisha watuandikie yalipowafaa na yalipowakwaza, kabla hayajapelekwa kusanifiwa.