Heko kwa Mikono Inayounda Michezo

Krismasi inapokaribia Musanda, katika nchi ya Wawanga, magharibi mwa Kenya, inayojulikana kwa miwa, wapo wazazi wanaowatengenezea watoto zawadi kwa mikono yao. Wanastahili pongezi zetu.

Tazama drafti. Kipande cha ubao huchorwa miraba 64, nusu ikatiwa giza kwa makaa. Vizibo 24 vya soda ndivyo kete: 12 vimelala kifudifudi, 12 vimeangalia juu. Kizibo kinachofika mwisho wa ubao huwa “kingi”, yaani mfalme. Ubao huo mmoja humfunza mtoto kuhesabu, kungoja zamu na kushindwa bila kununa.

Mpira nao husokotwa kwa matambara na kufungwa kwa kamba za migomba. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ambayo awali ilisokotwa kuwa mipira, Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, lakini maganda ya migomba yangali shambani, bila bei. Gari la waya, lenye magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili kuukuu, huhitaji jioni kadhaa za subira.

Thamani ya zawadi hizi ni muda uliowekwa ndani yake. Mtoto anayemshikia baba waya, au kumpokeza mama kamba, hupata mchezo pamoja na ufundi wa kuutengeneza; ukivunjika, ataurekebisha mwenyewe.

Hongereni, wazazi wa Musanda. Nawe msomaji, likizo hii kusanya vizibo 24, mwite mwanao, mchore ubao pamoja.