Ziwa Dogo, Siku Nzima

Arusha hupima waongoza watalii kwa urefu na ukubwa. Aliyefika kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi wenzake wakachoka kuhesabu, hupishwa kiti kijiweni. Anayeijua Serengeti kama kiganja chake hakosi kazi msimu ukifika. Sijawahi kumsikia kijana akijigamba kwamba yeye huongoza watu Duluti. Nami nasema kazi hiyo ndiyo ngumu kuliko zote.

Tazama anachopewa. Ziwa la kreta pale Tengeru, chini ya Mlima Meru, unalifikia kwa daladala na mwendo mfupi wa miguu. Huoni mto ukiingia wala ukitoka; maji yanapenya chini kwa chini. Msitu wenyewe, hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, ni ukanda mwembamba tu, na nje yake ni mashamba na nyumba za watu, hata majogoo yao unayasikia. Mwenye haraka hulizunguka ziwa asubuhi na bado akawahi chai. Simba hayupo, tembo hayupo. Kwa mtaji huo, mwongozaji akupe siku nzima.

Kilimanjaro wanakuambia pole pole kwa ajili ya mapafu yako. Huku pole pole ni kwa ajili ya macho, na macho ni mabishi zaidi.

Mgeni akiingia msituni huinua uso, kwa kuwa ameahidiwa ndege. Fundi hutazama chini. Anatafuta kokwa za matunda zilizorundikana chini ya shina moja, pengine za miti ambayo haimo hapo jirani. Rundo la namna hiyo msimu wa kutaga linamwambia kwamba juu kuna tundu, na ndani ya tundu hondohondo jike amejifungia. Dume humeza udongo, akautapika vidonge vidonge, na jike akakandika mlango mpaka ukabaki ufa wa kupitisha chakula. Humo hukaa zaidi ya miezi mitatu akilishwa na mumewe. Reginald Moreau, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliwafuatilia ndege hawa kwa subira ya ajabu. Fundi wa Duluti huenda hajasoma hata ukurasa mmoja wa Moreau, lakini anajua akusimamishe wapi, na kwa umbali gani, ili dume asiogope kurudi na chakula. Hapo nusu saa imekwisha na hamjasogea hatua ishirini.

Masikio nayo yana kazi. Dume la kima halipigi kelele ovyo: mlio wa kuonya tai si mlio wa kuonya adui wa ardhini. Nimemwona mwongozaji akikatisha maelezo yake katikati ya sentensi, akainua mkono, akaelekeza kidole angani kabla yeyote kati yetu hajaona kitu. Na siafu wakikatiza njia, hakuna hotuba: soksi juu ya suruali, ruka, endelea.

Ila kinachomtenga fundi na mkariri ni kujua la kubakiza. Mkariri humwaga yote getini: kina cha maji, majina ya miti, furukombe, mnandi, kenge. Mkifika kona ya pili hana jipya, anaanza kuzungumzia mpira. Fundi anajua, kwa mfano, kwamba Tengeru palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland wakati wa Vita Kuu ya Pili, maelfu yao, wengi wanawake na watoto, waliofukuzwa makwao na utawala wa Stalin wakafika huku kwa kupitia Uajemi. Makaburi yao yapo mpaka leo. Habari nzito kama hiyo haitolewi watu wakiwa wamesimama na begi mgongoni. Anaiweka mpaka mkae, maji yakiwa mbele yenu, chakula kimeshaliwa.

Kuna na kubakiza kwa aina nyingine. Siku moja kundini mlikuwa na mzee wa Kichaga na mkewe. Tulipofika kwenye msesewe, mti ambao gome lake chungu hutiwa kwenye mbege, mwongozaji, ambaye bila shaka alikuwa na maelezo yake tayari, alisema tu: "Mzee, huu unaujua kunizidi." Mzee akaanza. Ndizi zinavyopikwa, ulezi unavyooteshwa, gome linavyochemshwa. Mama akamkatiza, eti kipimo chake cha gome ndicho kilichokuwa kinaharibu pombe ya ukoo mzima. Wakabishana mbele yetu, wageni wa Ulaya wakitafsiriwa neno kwa neno na kucheka mahali palepale tulipocheka sisi. Mwongozaji alikuwa amejisogeza nyuma ya kundi, anakagua miguu yetu kama kuna siafu.